Je, Mbegu ya Trauti Imechoka, au ni Mto?

Leo nataka tuache mahindi na ng'ombe kidogo, tuingie mtoni. Wewe ambaye huna bwawa la samaki, usizime redio. Habari hii ni yako pia, na nitakuonyesha kwa nini.

Siku moja nilikuwa katika baraza ya wakulima huko Nyeri, kando ya kijito kimoja kinachoteremka kutoka msitu wa Nyandarua. Tulikuwa tumezungumza juu ya mmomonyoko wa udongo, na mkutano ulikuwa karibu kwisha. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia yake, akasema, "Kijana wangu, nina swali. Nilipokuwa mtoto, samaki trauti wa kijito hiki walikuwa hivi." Akapima kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. "Siku hizi mjukuu wangu akimpata mmoja, ni wa kiganja. Mimi naona mbegu imechoka. Kwa nini Serikali haituletei mbegu nyingine?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Mkulima yeyote anajua kwamba mbegu huchoka. Ukivuna mahindi ya mbegu chotara, ukayahifadhi na kuyapanda tena mwaka wa pili, mavuno huteremka. Kwa hiyo mzee aliuliza kama mkulima hodari. Nikamwambia, "Mzee, nipe muda nikatafute jibu." Basi haya ndiyo niliyoyapata. Na ili tuelewane, sharti tuanze mbali kidogo, kabla trauti hajaonja maji ya Kenya.

Trauti ni samaki wa maji baridi, maji safi, maji yaendayo mbio. Trauti wa kahawia, mwenye madoa ubavuni, asili yake ni Ulaya na sehemu za Asia za jirani. Trauti wa pili ana mstari wa rangi kama za upinde wa mvua ubavuni, na kwao ni magharibi ya Amerika Kaskazini, katika mito inayomwaga maji Bahari ya Pasifiki. Hakuna hata mmoja aliyekuwako katika mito yetu tangu zamani. Wote wawili waliletwa na watu.

Waliletwaje? Walisafiri wakiwa mayai. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk iliondoka Uingereza kwenda Australia ikiwa na mayai ya samaki wa namna hiyo. Yalikuwa yamepangwa ndani ya visanduku vya mbao pamoja na majani ya kuvu mabichi, na visanduku vikawekwa ndani ya chumba cha barafu. Safari ilichukua kama miezi mitatu. Mayai mengi yaliharibika njiani, lakini mengine yakafika salama na kuanguliwa katika kisiwa cha Tasmania. Mnaona siri yake? Ni baridi. Yai la trauti katika baridi kali hukua polepole sana, kana kwamba limelala. Yai la trauti upinde likiwa katika maji ya nyuzi 10 za sentigredi huanguliwa kwa muda wa kama mwezi mmoja. Karibu na barafu hungoja zaidi sana. Kumbuka jambo hilo, maana tangu mwanzo maisha ya samaki huyu yanatawaliwa na joto la maji.

Sasa sikilizeni mabishano ya wataalamu wa Uingereza, maana yanafanana kabisa na swali la mzee wetu. Katika nchi ile kulikuwa na trauti wakubwa wa maziwa na trauti wadogo wa vijito vya milimani, wengine weusi, wengine wa rangi ya fedha. Mtaalamu mmoja, Albert Günther, aliyefanya kazi katika nyumba ya makumbusho ya London, aliandika mwaka 1866 kwamba hao ni samaki wa jamii mbalimbali, kama 10 hivi. Trauti wa ziwa Loch Leven la Scotland alikuwa na jina lake peke yake. Yaani kwa maoni hayo, samaki mdogo ni mdogo kwa sababu mbegu yake ni ndogo.

Lakini huko huko Scotland alikuwako mfugaji wa samaki, Sir James Maitland, aliyekuwa na mabwawa yake mahali paitwapo Howietoun. Alizalisha trauti wa Loch Leven kwa maelfu. Mtaalamu mwingine, Francis Day, akawachunguza samaki hao. Akaona kwamba mbegu moja, ikikulia katika maji mbalimbali, hubadilika rangi, umbo na ukubwa. Mwaka 1887 akatoa kitabu akisema kwamba hao wote ni trauti mmoja. Nako New Zealand, ambako trauti walifika kutoka Tasmania, watoto wa samaki wa vijito vya Uingereza walikuta mito mipya yenye chakula tele, na baadhi yao wakafikia kilo nane na zaidi. Mbegu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maji.

Sisemi kwamba mbegu haina kazi. Ina kazi yake, na wafugaji wa samaki wanachagua mbegu kama sisi tunavyochagua fahali. Lakini mbegu nzuri katika mto mbaya ni kama ng'ombe wa gredi aliyefungwa kwenye kichaka kikavu.

Haya, sasa turudi nyumbani. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Kusini mwa Afrika mpaka Misri, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven. Trauti hao wakatiwa katika mto Gura, unaotoka Nyandarua na kwenda kuungana na maji ya Tana. Kama mwaka 1910 akaletwa trauti upinde kutoka Afrika Kusini. Kutoka mito michache hiyo wakasambazwa katika mito ya Nyandarua, Mlima Kenya na milima mingine yenye baridi.

Tuseme ukweli: samaki hao hawakuletwa kwa ajili yetu. Waliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, ambao walipenda kuvua kwa ndoano siku za mapumziko kama walivyofanya kwao. Uvuvi wa trauti ulikuwa kwa leseni. Tena watu wengi wa Mlima Kenya wakati ule hawakuwa na desturi ya kula samaki. Mzee wetu aliniambia kwamba yeye aliwajua trauti kwa kubeba kikapu cha bwana mmoja mvuvi. Aliwabeba, lakini hakuwaonja.

Mwaka 1948 vikajengwa vituo vya samaki vya Sagana na Kiganjo, na Kiganjo kikawa mahali pa kuzalisha trauti. Mwaka 1952 mtaalamu V. D. van Someren akatoa kitabu kizima juu ya maisha ya trauti wa Kenya. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ikatangazwa. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafungwa, na kando ya mito ile ya trauti wakapita wapigania uhuru na askari waliowawinda. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mito ikawa mito yetu. Kazi ya kuitunza nayo ikawa yetu.

Basi ni nini kinachomkuza trauti au kumdumaza? Nitataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni joto la maji. Mwaka 1975 mtaalamu J. M. Elliott wa Uingereza alitangaza matokeo ya kazi yake. Aliwalisha trauti wa kahawia mpaka wakashiba, wengine katika maji ya baridi sana, wengine ya baridi kiasi, wengine ya vuguvugu. Waliokua upesi kuliko wote ni wale wa maji ya nyuzi 13 hivi. Katika maji ya chini ya nyuzi 4, karibu hawakukua. Na joto lilipopanda kuelekea nyuzi 20, ukuaji ulipungua mpaka karibu kukoma, ingawa chakula kilikuwapo. Trauti upinde huvumilia joto zaidi kidogo, lakini naye maji yakifika nyuzi 25 yuko katika hatari ya kufa.

Kwa nini? Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe. Maji yakipata joto, mwili wake hufanya kazi mbio, na chakula anachokula huishia katika kuishi tu. Ni kama mtu ambaye mshahara wake wote unakwenda kwenye kodi ya nyumba: anafanya kazi, lakini haweki akiba. Tena maji ya joto hubeba hewa kidogo. Kule pwani, lita moja ya maji ya nyuzi 10 huweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni; ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9. Huku kwetu, penye mwinuko wa mita 2,000, toa sehemu moja katika kila tano ya hesabu hiyo. Kwa hiyo trauti wa milimani petu hana hewa ya kuchezea. Akipata joto anahitaji hewa zaidi, na hapo hapo maji yanampa hewa pungufu.

Ndiyo maana katika mto mmoja utaona tofauti. Kule juu kabisa, kwenye mbuga za baridi zilizo juu ya msitu, trauti huwa wadogo, kwa kuwa baridi ni kali na chakula ni haba. Kule chini sana hawapo, kwa kuwa maji yana joto. Pale katikati, maji yanapotoka msituni na kuingia mashambani, ndipo pangekuwa mahali pao pazuri. Sasa angalieni: pale katikati ndipo tunapokaa sisi.

Jambo la pili ni chakula. Mtoto wa trauti hula wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe, wale ambao baadaye huota mabawa na kuruka juu ya maji wakati wa jioni. Akiwa mkubwa hula pia kaa wa mtoni na samaki wadogo. Huko New Zealand, karibu na mji wa Wellington, kuna kijito kiitwacho Horokiwi. Mtaalamu K. R. Allen alihesabu samaki wa kijito hicho na wadudu wa chini ya mawe, akatoa taarifa mwaka 1951. Hesabu ikamshangaza: samaki walikuwa wakila chakula kingi mara nyingi kuliko wadudu aliowakuta mle. Kilitoka wapi? Baada ya miaka ya uchunguzi, wataalamu walieleza. Wadudu huzaana upesi mwaka mzima, na wengine hujificha ndani sana katika kokoto. Lakini chakula kingine hakitoki mtoni hata kidogo. Kinaanguka kutoka ukingoni! Panzi, siafu, viwavi na mbawakawa huanguka kutoka majani na nyasi zinazoinamia maji. Majani makavu nayo yakianguka huliwa na wadudu wa majini, na wadudu hao huliwa na samaki. Kwa hiyo mti wa ukingoni hutoa kivuli na posho pamoja. Ukiukata, umempokonya trauti vyote viwili kwa pigo moja la shoka.

Jambo la tatu ni nafasi. Ukipanda mahindi mashina matano katika shimo moja, utavuna nini? Trauti ni hivyo hivyo. Kila mtoto wa trauti hutafuta jiwe lake na kulinda mahali pake. Asiyepata mahali hufukuzwa, naye hufa njaa au huliwa. Kijito chenye mawe, mizizi na vidimbwi kina vyumba vingi. Kijito kilichochimbwa kikanyooka kama mtaro, au ambacho maji yake yamevutwa na mabomba mpaka yakabaki ya kifundo cha mguu, kina chumba kimoja tu, na wote wanasongamana humo.

Jambo la nne ni kokoto safi. Trauti jike hufukua kokoto kwa mkia wake, akataga mayai, akayafunika. Yai hupumua kwa maji yanayopita katikati ya kokoto. Udongo wa shamba ukija na mvua, hujaza nafasi zile, na mayai hufa yakiwa yamezikwa. Wadudu wa chini ya mawe nao hukosa mahali pa kukaa. Tope moja linaua kizazi kijacho na chakula cha kizazi kilichopo.

Kwa hayo manne ongezeni sumu zetu. Maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni huoza na kula hewa yote. Dawa ya josho, na dawa za kupuliza zenye asili ya pareto, ni kali sana kwa samaki, hata kiasi kidogo. Anayeosha bomba lake la kupulizia kijitoni anaua asiowaona.

Je, mito yetu imepatwa na nini? Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulichunguzwa kwa ndege, na watu wakaona kwa macho jinsi ulivyokatwa na kuchomwa makaa. Mwaka uliofuata ulinzi wake ukaongezwa. Huko Nyandarua ua wa umeme wa kama kilomita 400 ulianzwa mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2009. Hiyo ni kazi kubwa na ya sifa. Lakini ua unalinda msitu kule juu. Mto ukishatoka nje ya ua, mlinzi wake ni mimi na wewe.

Basi nilirudi kwa mzee. Nilichukua kipima joto na chupa mbili nyeupe. Saa nane mchana tulipima maji pale yanapotoka msituni, kisha tukapima chini ya mashamba. Yalikuwa na joto zaidi, hata mkono uliweza kutambua. Tukajaza chupa moja juu na moja chini siku ya mvua, tukaziacha usiku kucha mezani kwake. Asubuhi chupa ya juu ilikuwa na vumbi kidogo chini yake. Chupa ya chini ilikuwa na tope zito jekundu. Mzee akaiinua, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huu ni udongo wangu." Sikumwongezea neno.

Ukingo wa shamba lake ulikuwa mweupe. Mwanawe alikuwa amekata miti yote na kulima nduma mpaka kwenye maji. Nilipotaja jambo hilo, mzee akaniuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: "Na karo ya mjukuu itatoka wapi? Ni nduma hizo zinazomsomesha."

Wakulima wenzangu, swali hilo halijibiwi kwa kugombeza mtu. Tulikaa chini sisi watatu, mzee, mwanawe na mimi, tukapatana hivi. Nduma zivunwe, lakini mistari iliyo karibu na maji isipandwe tena. Mahali pake pakae nyasi za kudumu zinazoshika udongo, ambazo hukatwa kwa ajili ya ng'ombe, kwa hiyo ukingo utalipa kwa maziwa. Ukingoni kabisa irudi mianzi na miti ya kienyeji, wala si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Juu ya shamba ichimbwe mitaro na matuta ya kuzuia maji ya mvua, ili udongo pamoja na mbolea aliyoinunua kwa fedha ubaki shambani. Hapo mwanawe akasema, "Kumbe tope lile ni mbolea yangu!" Naam. Kinachomdumaza trauti ndicho kile kile kinachodumaza mahindi yako.

Sikumwahidi mzee kwamba samaki wa kiwiko watarudi mwaka ujao. Miti inahitaji miaka, na kijito kile kina majirani wengi. Mkulima mmoja peke yake hawezi kupoza mto, kwa maana mto haujui mipaka ya mashamba.

Nawe unayesikiliza, fanya jaribio hilo hilo. Chupa mbili, maji ya juu na maji ya chini, siku ya mvua. Uzitazame asubuhi pamoja na majirani. Pia muulize afisa wa maji ukingo wa kuachwa ni hatua ngapi mahali penu. Ukitaka kufuga trauti, pata kwanza kibali cha maji na ushauri wa afisa wa samaki. Usichukue samaki mto huu ukamtia mto mwingine kwa siri. Trauti ni mla nyama. Huko Afrika Kusini amewala samaki wadogo wa asili mpaka wengine wakapungua sana.

Kwa hiyo, mzee wangu, ikiwa unanisikia, jibu lako ni hili. Mbegu haikuchoka. Mbegu iliyovuka bahari ikiwa juu ya barafu, ikapanda Nyandarua, ikakua mpaka kufika kiwiko chako, ingali na nguvu zake. Kilichochoka ni mto. Na mto, tofauti na mahindi ya chotara, ukipumzishwa hupata nguvu tena.